Baraza ya Simu

Mwezi huu tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo mno kwa ukurasa huu, nalo ni upambaji wa uso wa simu. Tumeletewa swali na mama mmoja wa hapa Moshi, mtaa wa Pasua, ambaye binti zake wawili hushinda Jumapili nzima wakibadilisha rangi na picha za simu zao, leo waridi, kesho samawati, na zile alama ndogo za kufungulia mambo wakizivika sura mpya kana kwamba wanamvika bibi arusi. Auliza mama huyo: Je, huu ni upotevu wa wakati usiofaa katika nyumba ya Kiislamu, au ni pambo kama mapambo mengine? Tungaliweza kumjibu kwa mistari mitatu. Walakini swali lake limetugusa mahali penye kidonda, na msomaji atatusamehe tukianza mbali.

Kila simu janja, mtu akiiwasha na kuifungua, huonyesha kwanza uso mmoja, ambao waliozitengeneza huuita nyumbani. Sisi twaona jina hilo halifai sana, kwa kuwa nyumbani ni ndani, na hapo mtu bado hajaingia popote. Hapa tutauita baraza, maana barazani ndipo mtu apokelewapo, na ndipo ajuapo mlango upi uende chumba kipi. Baraza ya simu ina picha ya nyuma, kama ukuta uliopakwa rangi. Ina alama, ambazo mafundi huziita ikoni, na kila alama ni mlango wa programu moja. Tena ina vidirisha, ambavyo huonyesha saa, au mvua ya kesho, au nyakati za sala, bila ya mtu kufungua kitu. Hayo matatu ndiyo ayapambayo mpambaji.

Na pambo la namna hii si geni kwetu. Nani katika umri wetu asiyekumbuka redio ya baba iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, chenye maua mekundu pembeni, ambacho kilifunuliwa wakati wa taarifa ya habari tu kisha kikarudishwa? Baiskeli zilitiwa vishada katika mikono ya usukani. Kanga haivaliwi kwa rangi yake peke yake, bali na kwa maneno yaliyo juu yake. Hata hizo simu, zilipoanza kuenea mjini Moshi miaka ya mwanzo ya 2000, zilikuwa Nokia za vitufe ambazo gamba lake lilibanduka, na vijana walikwenda kwa mafundi karibu na stendi kununua hausingi jipya, la buluu au lenye picha ya mpira, nayo simu ikawa kama imezaliwa upya. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na hausingi la kijani, na hatuoni haya kusema kuwa tulilipenda.

Alama zenyewe zina historia yake. Kompyuta ya kwanza kuuzwa kwa biashara ikiwa na meza ya alama za picha ilikuwa Xerox Star ya mwaka 1981. Mwaka 1984 ilipotoka Macintosh ya kampuni ya Apple, alama zake zilichorwa na bibi mmoja msanii, Susan Kare, ambaye alianza kwa kujaza viraba katika daftari la miraba, kila kiraba kikiwa nukta moja ya kioo. Nia ilikuwa kwamba mtu asiyejua lugha ya mashine atambue kitu kwa sura yake: karatasi iwe karatasi, na pipa la taka liwe pipa la taka. Lakini sura huzeeka kuliko kazi yake. Alama ya kupigia simu mpaka leo ni mkono wa simu ya mezani, ile iliyokuwa ofisini kwa mkuu wa posta. Tuliwauliza watoto wa chuoni kwetu, wenye miaka saba na minane, kile ni kitu gani, na mmoja wao, ambaye kwao ni Kibosho, akajibu bila kusita kuwa ni ndizi. Tukacheka, lakini mtoto yule hakukosea kuipata, kwa kuwa alijua ndizi ile ya kijani hukaa wapi. Msomaji na alishike jambo hilo, tutalirudia.

Sasa, simu zote hazipambiki sawasawa. Zilizo nyingi mikononi mwa watu wetu, kama Tecno, Infinix na itel, ambazo zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen nchini China, hutumia mfumo wa Android, ambao simu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2008. Mfumo huo ulimwachia mwenye simu uhuru mkubwa. Akitaka hubadilisha picha ya nyuma, akitaka huhamisha alama, akitaka huiondoa baraza yote na kuweka nyingine iliyotengenezwa na watu wengine kabisa. Toleo lake la 12, la mwaka 2021, lilileta katika baadhi ya simu ufundi wa kuchota rangi kutoka picha ya nyuma na kuieneza katika vitufe, na toleo la 13 la mwaka uliofuata likaruhusu hata alama za programu za watu wengine zivikwe rangi hiyo. Upande wa iPhone mlango ulifunguliwa polepole zaidi. Kwa miaka mingi mtu aliweza kupanga safu zake tu. Mwezi wa Septemba mwaka 2020, lilipotoka toleo lake la 14, ndipo vidirisha viliporuhusiwa kukaa katikati ya alama, na vijana wa dunia nzima wakagundua kuwa kwa programu ya njia za mkato wanaweza kumtengenezea mlango wowote kibandiko chao wenyewe. Septemba ya mwaka 2024, katika toleo la 18, alama zikaruhusiwa kuwekwa popote, hata kuacha nafasi tupu katikati, na kupakwa zote rangi moja, na kukuzwa zikaondolewa majina.

Lakini yafaa ijulikane kuwa katika haya yote kinachobadilika ni kibandiko, si mtungi. Mwenye kubandika picha ya asali juu ya mtungi wa siki, ndani ni siki ile ile. Na mwenye kuondoa alama barazani, aghalabu hakuiondoa programu. Imo ndani, katika orodha, yangoja kutafutwa. Hili ni faraja kwa ajuaye kutafuta. Kwa asiyejua, mlango usioonekana ni ukuta.

Na hapa ndipo penye kidonda tulichokitaja. Siku ya Idd el Fitri ya mwaka 2024 tulipanda Machame kuwaamkia wazazi wetu. Mama yetu ni mzee, hakusoma shule, na Kurani aliipokea kwa sikio. Simu janja alinunuliwa na ndugu yetu aliyeko Dar es Salaam, ili awaone wajukuu kwa video. Tuliikuta simu ile, kwa macho yetu, haina nidhamu: alama zimetawanyika, moja juu, tatu chini, nyingine imerudiwa mara mbili, na picha ya nyuma ni ile iliyokuja nayo dukani. Nasi tulikuwa na picha nzuri sana. Mpwa wetu ni mpagazi wa watalii, na tangu Shirika la Simu la TTCL lilipopeleka intaneti ya kasi mlimani, mwezi wa Agosti mwaka 2022, mpaka kituo cha Horombo kilicho mita 3,720 juu ya bahari, hutuletea picha akiwa huko huko. Alikuwa ametuletea picha ya Kibo wakati wa kuchomoza jua, theluji ina rangi ya dhahabu. Tukaiweka katika simu ya mama. Kisha, ili mlima uonekane wote, tukazikusanya alama zote katika mfuko mmoja, tukausukuma mfuko huo ukurasa wa pili, na zile za chini kabisa nazo tukaziondoa. Ikabaki theluji peke yake. Tukamwonyesha mama namna ya kupangusa kwenda kushoto, kisha kuugusa mfuko, kisha kuchagua. Akaitikia kwa kichwa mara tatu. Sisi ni mwalimu wa miaka thelathini, na twajua vizuri kuitikia kwa mwanafunzi aliyeelewa na kuitikia kwa mwanafunzi anayemstahi mwalimu wake. Siku ile hatukutaka kujua tofauti.

Siku tisa baadaye, usiku wa mvua za masika, saa nane, baba yetu alishikwa na pumu. Mama alikuwa peke yake naye pamoja na mjukuu wa miaka minne. Kwa miaka miwili mama alipiga simu kwa namna moja tu: pembe ya chini kushoto, kitu cha kijani, kisha jina la juu kabisa, ambalo ni letu. Usiku ule kila alipobonyeza pembe ile, kidole kiliangukia theluji. Alibonyeza, akabonyeza. Alipopangusa, alipangusa upande mwingine, akatokea ukurasa wa habari za mpira wa Ulaya. Hata tochi ya simu, ambayo alama yake aliijua, tulikuwa tumeitia mfukoni pamoja na nyingine. Basi akatoka gizani, akapita katika migomba, katika utelezi, mpaka kwa jirani yetu Mlutheri, akagonga. Jirani yule, Mungu amlipe, ndiye aliyetupigia, na ndiye aliyemshika baba mgongo mpaka tulipofika na gari la kukodi kutoka mjini. Tulimfikisha hospitali adhana ya alfajiri ikiwa imekwisha. Yapata saa nzima ilipotea kati ya mama na mlango wa jirani. Baba alilazwa siku nne, akatoka, alhamdulillahi, na mpaka leo anatuuliza habari za mlima kwa kucheka.

Mama hakutulaumu. Alituambia tu, akiwa amekaa pembeni mwa kitanda hospitalini, simu ameishika kwenye kanga: “Mwanangu, mlima ninao mlangoni tangu niolewe. Mimi nilitaka simu.”

Tumelifikiri neno hilo mara nyingi. Nalo si geni kwa mtu aliyefundisha Kurani. Sisi tulipokuwa wadogo tulihifadhi kwa juzuu zilizochapwa Bombay, zilizochakaa, na kila aya tuliijua mahali pake: hii ipo juu kulia, ile ipo chini ambapo panya alikula pembe. Baadaye tukapata msahafu wa Madina, unaochapwa na jumba la Mfalme Fahd lililofunguliwa mwaka 1984, wenye kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, na kila ukurasa ukikoma mwisho wa aya. Ni msahafu mzuri mno. Maneno ni yale yale, hapana hata herufi iliyozidi. Lakini jicho letu likapotea, ulimi ukasita katika sura tuliyokuwa tukiisoma usingizini. Ndiyo maana walimu wa hifdhi humkataza mwanafunzi kubadilisha chapa ya msahafu kabla hajamaliza. Kumbukumbu ya mtu ina nusu yake katika neno na nusu yake katika mahali. Nasi, tulioyajua hayo kwa wanafunzi wetu, hatukuyajua kwa mama yetu. Alama zile tulizoziona zimetawanyika ovyo zilikuwa ndiyo hifdhi yake.

Kwa hiyo, yeyote anayetaka kuipamba simu ya mzee, au ya mtu asiyesoma, na aanze kwa kumwambia: Nionyeshe unavyopiga simu. Atazame kidole kinakwenda wapi, na mahali hapo asipaguse. Abadilishe picha ya nyuma akipenda, lakini iwe tulivu, isiyo na mambo mengi, ili alama zionekane juu yake. Na rangi za alama aziache, kwa kuwa zikipakwa zote rangi moja, asiyesoma majina hana tena cha kushika. Simu nyingi za Android zina nafasi ya kuweka barazani kidirisha cha mtu mmoja, chenye picha ya uso wake, ambacho kikiguswa hupiga simu moja kwa moja. Mtu hubonyeza mahali patupu na kushikilia mpaka orodha itokee, kisha huchagua vidirisha na kutafuta majina ya watu. Zipo zenye hali nyepesi, inayokuza alama na maandishi, na iPhone tangu toleo la 17 la mwaka 2023 zina mpango kama huo kwa wenye uhitaji. Tena katika mipangilio ya baraza, simu nyingi zina kufuli la mpangilio, ambalo likifungwa alama hazihami hata mtoto akizichezea. Kufuli hilo ndilo tulilopaswa kulijua kabla ya picha ya theluji. (Na kwa habari ya fedha, mtandao wenye M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, bado hufunguliwa kwa kubonyeza *150*00#, tarakimu hazihamishwi na mjukuu, wala na mwalimu.)

Lipo na jambo jingine, ambalo mama wa Pasua hakuliuliza, lakini tunalileta kwa sababu yeye ni mzazi. Kibandiko kinachoweza kupamba chaweza pia kuficha. Kijana mmoja wa chuoni kwetu, wa miaka 15, alikuwa na simu ambayo barazani mwake pana kitabu cha kijani chenye herufi za dhahabu. Tulimwomba siku moja atusomee aya kutoka humo, kwa kuwa miwani yetu ilikuwa imevunjika. Akasita, akasema chaji imekwisha. Chaji haikuwa imekwisha. Nyuma ya kitabu kile palikuwa na programu ya kuchezea kamari za mpira, ambayo hata sheria ya nchi humkataza aliye chini ya miaka 18, mbali na sheria ya Mwenyezi Mungu inayotukataza sote. Tulimwita baba yake, tukaketi naye faraghani, tukamweleza. Baba akainama, akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akatuonyesha programu ile ile. Yeye hakuificha kwa kitabu. Hatukujua tumkemee yupi kwanza. Tulichoona ni kwamba mtoto alikuwa na haya zaidi ya baba, maana afichaye walau ajua kuwa kuna la kuficha.

Kadhalika wazazi watahadhari na programu za mapambo zinazotoka pasipojulikana, zile zinazotumwa kwa ujumbe na kuwekwa nje ya duka la simu. Programu ya kubadilisha rangi haina haja ya kusoma ujumbe wa mtu. Ikiomba ruhusa hiyo, ikatalie na uiondoe, kwani katika ujumbe ndimo zipitamo namba za siri za mara moja, na mwenye kuzisoma aweza kufungua akaunti za watu.

Sasa tumjibu mama wa Pasua. Kupenda kizuri si dhambi, katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, na jibu lake lilikuwa kwamba hicho sicho kiburi. Lakini vile vile imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), kuwa Mtume alisali akiwa amevaa shuka yenye nakshi, nakshi zikamvuta macho, na alipomaliza akaamuru shuka ile irudishwe kwa Abu Jahm, akaletewa nguo yake isiyo na nakshi. Hakuichana shuka ile wala hakusema ni haramu. Aliirudisha kwa kuwa ilimshughulisha. Hicho ndicho kipimo tunachowapa binti zako. Waziulize simu zao: Nikifungua ili nitazame wakati wa adhuhuri, je, natazama wakati wa adhuhuri, au natoka humo baada ya nusu saa? Na zile nukta nyekundu zenye hesabu, zinazokaa juu ya alama kama mdai mlangoni, wazizime. Zina kuvuta macho kuliko nakshi za shuka yoyote, na kuzizima ni katika mipangilio ya arifa, kazi ya dakika moja.

Wengine hutuuliza juu ya kuweka aya, au jina la Mwenyezi Mungu, kuwa picha ya nyuma. Sisi twaona bora kuacha, si kwa sababu ya chooni peke yake, ambako kioo kikizimwa maandishi hayapo, bali kwa sababu ya barazani kwenyewe. Tumeona kwa macho yetu aya tukufu imewekewa juu yake alama ya kamera, na juu ya Jina pamekaa WhatsApp. Mwenye kutaka kuelekezwa kibla, hapa Moshi mjini hana haja ya picha: kibla chetu ki kaskazini, kikilalia mashariki kidogo, na mbele yake ndipo uliposimama Kibo.

Binti zako basi waache wapambe, mama, ila uwape na kazi. Wakija likizo kwa bibi yao, waende na ujuzi huo. Ndivyo alivyofanya binti wa ndugu yetu mwezi wa Juni mwaka ule ule. Aliketi na bibi yake jikoni asubuhi nzima, akamuuliza kila alama anaitaka ikae wapi, na bibi akaonyesha kwa kidole kilichokuwa na unga. Simu ya kijani imerudi pembe ya chini kushoto. Juu yake zipo nyuso nne: yetu, ya ndugu yetu wa Dar es Salaam, ya jirani Mlutheri, na ya mpwa wetu mpagazi, ambaye huwa hapatikani lakini bibi hataki aondolewe. Tochi ipo kulia, peke yake, kubwa. Picha ya nyuma ni rangi moja tu ya zambarau iliyopauka, ambayo mama aliichagua kwa kuilinganisha na kanga yake aliyokuwa amejifunga. Kisha mpangilio ukafungwa kufuli, na namna ya kulifungua hatukuambiwa sisi.